Istilahi za Utalii wa Wanyamapori Vijijini: Mifano Kutoka Same na Milima ya Upare

Miongoni mwa fani zilizoleta maneno mengi mapya katika Kiswahili tangu Uhuru, fani ya hifadhi ya wanyamapori na utalii haina budi kuhesabiwa. Maneno yake yamezagaa katika sheria, katika mabango ya barabarani, katika vitabu vya shule, na zaidi ya yote katika mihutasari ya mikutano ya vijiji. Ni jambo la kawaida hati ya mradi wa utalii kuandikwa kwa Kiingereza mjini, kusomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na kisha kujadiliwa nyumbani kwa lugha ya mama. Katika safari hiyo ya lugha tatu, mfasiri ndiye mbeba mzigo. Na akiuangusha, hasara haimwangukii yeye bali humwangukia mtu mwenye shamba karibu na mpaka wa hifadhi.

Katika makala haya twakusudia kuzieleza istilahi kadhaa za fani hiyo, hasa zile zihusuzo utalii unaoendeshwa vijijini kwa faida ya wanavijiji wenyewe. Mifano yetu mingi tumeichukua Wilaya ya Same na Milima ya Upare, Mkoa wa Kilimanjaro. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu aina nyingi za hifadhi zimekutana pale katika eneo lisilo kubwa. Chini nyikani iko Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na kuanzia mwaka 2006 ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,245 na inayopakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Juu milimani uko msitu wa Chome pamoja na kilele cha Shengena, chenye kimo cha mita 2,463, ambacho ndicho kirefu kupita vyote vya Upare. Kati ya nyika na msitu huo ndipo watu wanapoishi, wanapolima na wanapochunga. Jina la Mkomazi lenyewe ni somo la lugha: hifadhi hiyo hueleza kwamba limeundwa kwa maneno mawili ya Kipare, yaani mko, upawa wa mti, na mazi, maji, maana yake ni mahali ambapo maji hayazidi ya kujaza upawa. Aliyeitoa istilahi hiyo hakukaa na kamusi, lakini amesema kwa neno moja yale ambayo taarifa za mvua huyasema kwa kurasa.

Na tuanze na mnyama mwenyewe. Wakati wa ukoloni ofisa aliyesimamia wanyama wa porini aliitwa Bwana Nyama, kama vile wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Jina hilo lilifuata matumizi ya zamani ya Kiswahili, ambapo nyama alikuwa ni kiumbe porini na ilikuwa ni kitoweo chunguni pia. Baadaye tukapata wanyama wa mwitu, wanyama wa porini, na hatimaye wanyamapori, neno moja lililoungana, ambalo ndilo limesimama katika sheria na katika majina ya idara. Kando yake lilizaliwa neno malihai, ambalo wasomaji wengi watalikumbuka kwa vilabu vya malihai vya mashuleni, na ambalo limehifadhiwa pia katika jina la MBOMIPA, kifupisho cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, huko Iringa. Sisi twaliona neno malihai kuwa zuri, kwani linasema kwamba kiumbe huyo ni mali angali hai, wala hangoji kuchinjwa ndipo awe na thamani. Lakini lina hatari yake. Msikilizaji akisikia mali, mara moja huuliza: ya nani? Jibu la Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ni kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kwamba mradi fulani utawapa wanakijiji umiliki wa wanyamapori amesema neno ambalo sheria haikulisema. Kinachotolewa kwa vijiji ni haki ya matumizi, na istilahi hiyo yapasa iandikwe hivyo hivyo kila inapotokea, hata kama karatasi itaonekana kurudiarudia.

Yafaa hapa tuyatenganishe majina ya maeneo, maana watu wengi, hata waandishi wa magazeti, huyachanganya yote kwa neno mbuga. Mbuga kwa asili ni uwanda wenye majani, na unaweza kuwa na wanyama au usiwe nao. Hifadhi ya Taifa ni eneo ambalo ndani yake hairuhusiwi kuishi, kulima, kuchunga wala kuwinda. Pori la akiba lina masharti yake, na uwindaji kwa kibali waweza kuruhusiwa ndani yake. Pori tengefu ni eneo ambamo wanyama wanalindwa lakini watu wameendelea kuishi. Huko milimani Chome ni hifadhi ya mazingira asilia, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, wala si hifadhi ya taifa, ijapokuwa mgeni hulipa kiingilio katika zote mbili na hivyo haoni tofauti. Mwanakijiji yeye huiona. Mkomazi ilipokuwa pori la akiba, baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kwa miaka mingi kukaa na mifugo yao katika sehemu yake. Mwaka 1988 wafugaji wote waliondolewa. Basi kwa watu wa pale tofauti kati ya pori na hifadhi haihitaji kufafanuliwa na kamusi, na mwalimu anayefundisha maneno haya katika shule za Same atafanya vyema kukumbuka kwamba baadhi ya wanafunzi wake wamezisikia habari hizo kwa babu zao.

Kuhusu tukio hilo la 1988, tungependa kuwatahadharisha wafasiri juu ya vitenzi. Kuhamisha, kuondoa, na kufukuza havina uzito mmoja. Na nomino mvamizi, ambayo siku hizi hutumika sana katika taarifa za hifadhi, humtia mtu hatiani kabla hajasikilizwa. Mtu aliyekuwa mkazi kwa kibali na kibali chake kikafutwa si mvamizi kwa siku zile alizokuwa nacho. Katika tafsiri ya hati za Serikali tunapendekeza kuondolewa, kwa kuwa neno hilo halisifu wala halilaumu.

Hapa twafika kwenye fundo la makala yetu, ambalo ni neno la kumtaja yule mtu wa kijijini mwenyewe. Hati za Kiingereza humjumuisha katika neno moja, na wafasiri wetu wamezoea kulitia kwa Kiswahili kuwa jamii. Jamii ni neno la heshima, ndugu yao jamaa na jumuiya, na lina maana ya watu walio pamoja kwa namna fulani. Lakini ni pana mno. Jamii yaweza kuwa kabila, yaweza kuwa wakazi wa tarafa nzima, yaweza kuwa Watanzania wote. Jamii haina muhuri, haina akaunti ya benki, wala haiwezi kushitaki au kushitakiwa. Kijiji kinaweza. Kwa mujibu wa sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi ya kisheria, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji usimamizi wa ardhi yake. Kwa hiyo mkataba unaosema kwamba sehemu ya mapato itakwenda kwa jamii haujasema bado itakwenda kwa nani. Mfasiri akikuta sentensi kama hiyo, na mwandishi wa asili yu hai, amwulize. Akishindwa kumpata, aandike kama ilivyo lakini aweke maelezo pembeni. Asijitwalie madaraka ya kuugawa mfuko.

Neno jingine ni wenyeji. Hili ni la kwetu kabisa, na wengi huamini kuwa limetokana na mwenye mji. Uzuri wake ni kwamba lina pande mbili: mwenyeji ni mzaliwa au mkazi wa mahali, na mwenyeji ni yule anayempokea mgeni. Lugha chache zina neno linaloziunganisha maana hizi mbili kwa utulivu namna hiyo, na kwa mambo ya utalii lingetufaa kuliko yote. Hata hivyo neno hilo halikosi makali. Wafugaji walioondolewa Mkomazi walikwenda mahakamani, na katika hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1999 jambo moja kubwa lililopimwa ni nani waliokuwa watu wa kwanza wa mahali pale. Walalamikaji, waliokuwa Wamasai, hawakukubaliwa kuwa na haki ya ardhi ya asili. Yule aliyeishi, aliyetangulia kuishi, na anayepokea wageni leo, wote twawaita wenyeji, ilhali mbele ya sheria ni watu watatu mbalimbali. Katika maandishi ya kisheria twashauri pasemwe wakazi, au wakazi wa asili, kama maana ilivyo, na wenyeji tuwaachie wale wanaokaribisha.

Tukikubaliana na hayo, twaweza kuitazama istilahi ya utalii huo wenyewe. Kitenzi talii kimetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama na kuchunguza. Hivyo mtalii kwa asili si mtu wa starehe tu, ni mtu atembeaye akitaka kujua. Kwa ule utalii wa vijijini yameenea majina manne. La kwanza ni utalii wa kijamii. Hili halifai, kwani kijamii humaanisha chochote kihusucho maisha ya watu pamoja, kama huduma za kijamii au matatizo ya kijamii, na halisemi nani anauendesha. La pili ni utalii wa kitamaduni, ambalo ni sahihi kwa sehemu yake. Mpango uliojulikana kwa jina hilo ulianzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, na baadaye ukawa chini ya Bodi ya Utalii. Na Upare haikuachwa nyuma, kwa maana Mbaga upande wa Kusini na Usangi upande wa Kaskazini zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Mgeni aliongozwa na kijana wa pale, akala chakula cha pale, akaoneshwa mapango ya Mghimbi ambamo watu walijificha zama za wateka watumwa, na katika malipo yake likatengwa fungu la maendeleo ya mahali. Lakini utalii wa kitamaduni unataja kinachotazamwa, hautaji mwenye kuuendesha. Kampuni ya mjini nayo yaweza kuuza utamaduni.

La tatu ni utalii shirikishi, nalo tutalirudia punde. La nne, ambalo ndilo tunalolipendelea, ni utalii wa wenyeji. Twafahamu pingamizi litakalotolewa: je, msomaji hatadhani kwamba wenyeji ndio wanaotalii? Pingamizi hilo lina nguvu kidogo tu, kwa sababu maana hiyo ya pili tayari ina jina lake, utalii wa ndani, lililokwisha kukubalika. Mwenye wasiwasi aandike utalii unaoendeshwa na wenyeji mara ya kwanza, na baadaye alifupishe.

Turudi kwenye shirikishi. Kiswahili kina kushiriki, yaani kuwa na sehemu katika jambo. Kina kushirikiana, kina ushirika, neno ambalo wakulima wa kahawa wa Upare hawahitaji kufundishwa, wakiwa na chama chao kikuu cha Vuasu. Maneno haya yote yanamweka mtu kuwa mtendaji. Kisha ikaja kauli ya kusababisha, kushirikisha, na mara yakafuata ushirikishaji, ushirikishwaji na shirikishi. Tazama jinsi sarufi ilivyobadili mahali pa kila mtu: katika kushirikisha yuko mwingine anayekutia katika jambo lake, na katika ushirikishwaji wewe ni mtendwa. Hatusemi kwamba neno hilo lifutwe. Usimamizi shirikishi wa misitu umekwisha kuwa istilahi rasmi tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ni vigumu kurudi nyuma. Tunachosema ni kwamba istilahi hiyo inasadiki mahali ambapo Serikali ndiyo yenye msitu na wanakijiji wameitwa washirikiane nayo, kama ilivyo kwa misitu ya Serikali inayosimamiwa kwa pamoja. Haisadiki kwa msitu wa hifadhi wa kijiji, ambao ni wa kijiji chenyewe. Mtu hashirikishwi katika mali yake.

Wako waliopendekeza kwamba badala ya kuunda maneno, yachukuliwe yale ya watu wa mahali. Sisi twaliunga mkono pendekezo hilo kwa tahadhari. Msaragambo, neno la kazi ya pamoja ya kujitolea lijulikanalo Upare na Usambara, limeingia katika Kiswahili na kukaa vizuri. Ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji usiku ili yagawanywe mashambani kutwa, limetoka Same na sasa wataalamu wa kilimo wa nchi nyingine hulitumia bila kulitafsiri. Ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala imeandikwa habari zake mara nyingi. Katika ndiva mna zamu, mna wasimamizi, mna adhabu kwa asiyefika kuzibua mfereji. Anayetafuta maneno ya Kiswahili ya kusimamia mali ya pamoja angefaa akae siku mbili pale asikilize watu wanavyogombea maji kwa taratibu.

Lakini tahadhari ni hii. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni na mabaraza ya wenyeji waliiita kodi mpya kwa jina la mbiru, jina lililokuwa la utaratibu wa kale wa kutoa sehemu ya mali kwa mtawala wa jadi. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walikusanyika Same kuipinga, na mgogoro huo ukaendelea kwa miaka kadhaa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliuandikia kitabu. Jina la nyumbani halikuifanya kodi iwe ya nyumbani. Kwa hiyo ada ya mgeni anayeingia msituni ikiitwa kwa jina la jadi, na fedha zake zikatumwa kwingine, lile jina litachafuka na ada haitapendeka.

Lipo pia neno ujirani mwema, ambalo Shirika la Hifadhi za Taifa limekuwa likilitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa miradi ya madarasa, zahanati, visima na mizinga ya nyuki katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kama Kiswahili, neno hili halina doa. Kila mtu anajua wajibu wa jirani. Ila msomaji apime kwa makini maana yake: jirani mwema hukuletea sahani ya pilau siku ya sikukuu, lakini hakugawii mavuno ya shamba lake, wala wewe huna la kumdai sikukuu ikipita kimya. Mbia humdai mbia mwenzake. Kwa hiyo ujirani mwema, ubia na mgao wa mapato si visawe, na mfasiri asiyabadilishe ili kuepuka kurudia neno. Katika maeneo yale ambayo vijiji vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori chini ya kanuni zilizoanza mwaka 2002, kama Enduimet magharibi ya Kilimanjaro, panazungumzwa mgao, ambao una masharti ya maandishi. Na hapo kuna utata mwingine: eneo hilo na chama cha vijiji kinacholisimamia, vyote viwili vimezoeleka kuitwa jumuiya. Mtu husikia kwamba tembo ameonekana ndani ya jumuiya, kisha kwamba jumuiya imemchagua mwenyekiti. Sisi tunashauri jumuiya liwe la watu, na ardhi iitwe eneo la jumuiya.

Sasa tuseme juu ya neno ambalo pengine limezua maneno mengi kuliko yote, nalo ni lile la malipo baada ya mnyama kufanya uharibifu. Vijiji vilivyo chini ya milima, upande unaotazama Mkomazi, vimezoea tembo. Wanyama hao hawaujui mpaka wa Kenya na Tanzania; huja na mvua wakitoka Tsavo, na mahindi yanapokomaa huyafuata. Tuchukulie kwamba mkulima amelala na shamba la ekari mbili na ameamka na vibuga vilivyolala chini. Akifika ofisini ataambiwa ajaze fomu ya kifuta jasho. Endapo mtu ameumizwa au ameuawa, ndugu zake watajaza ya kifuta machozi.

Maneno haya mawili yamo katika Kiswahili rasmi cha Serikali tangu kanuni za mwaka 2011, na wala hayakuchaguliwa ovyo. Kifuta jasho kwa desturi ni kile kidogo apewacho mtu aliyefanya kazi ngumu, zaidi ya ujira au badala yake. Kifuta machozi ni mkono wa pole msibani. Yote mawili yanasema kwamba mtoaji anatoa kwa huruma na hakubali kuwa ni mdaiwa. Na ndivyo sheria ilivyo. Kanuni hizo zilimpa mkulima kiwango kwa ekari, zisizozidi tano, na kiwango hicho kikapanda kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Aliye ndani ya nusu kilomita hakupewa kitu. Fidia ni neno lingine kabisa. Anayelipa fidia amekiri deni, na kipimo cha fidia ni thamani ya kilichopotea. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilichagua njia ya fidia, ikaweka shilingi za Kenya milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Kwamba malipo hayo yamekuwa yakichelewa ni jambo jingine; neno lenyewe linampa mdai mahali pa kusimama.

Basi magazeti yanapoandika kwamba wakulima wa Same watalipwa fidia kwa mazao yaliyoliwa na tembo, yamewaahidi kile ambacho ofisi haina. Mkulima akienda na gazeti mkononi na kupewa kiasi kisichofika gharama ya mbegu, ataona ameibiwa na ofisa aliye mbele yake, na ofisa naye atamwona mkulima kuwa mkorofi. Ugomvi huo umeanzia katika tafsiri. Kuna watu husema kwamba kifuta jasho ni neno la kejeli na lingeondolewa. Kwa maoni yetu ni neno la kweli. Likiondolewa na kuwekwa fidia, huku kiwango kikibaki kile kile, tutakuwa tumeirembesha sheria bila kuirekebisha. Wanaotaka fidia wana haki ya kuidai kwa wawakilishi wao Bungeni. Mfasiri hawezi kuwapatia kwa kalamu yake.

Istilahi nyingine tutazipitia kwa haraka. Ushoroba, wingi wake shoroba, ni neno la pwani lililomaanisha njia nyembamba baina ya nyumba na nyumba, na limefufuliwa kwa njia ambazo wanyama hupita kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Ni ufufuo wa kupongezwa. Hata hivyo bara neno hilo halikujulikana, na katika mkutano wa kijiji afadhali mtu aseme mapito ya wanyama kwanza, kisha aongeze kwamba kitaalamu huitwa ushoroba. Jangili limeshika, halina mashaka. Hifadhi ni kitendo na ni mahali pia; ili kuepuka mkanganyiko, kitendo na taaluma viitwe uhifadhi. Choroa, swala twiga, faru weusi na mbwa mwitu ni majina ambayo walimu wa Same wana bahati ya kuweza kuyafundisha kwa kuwaonesha wanafunzi wanyama wenyewe, kwani lango la Zange li karibu na mji, na faru waliletwa tena Mkomazi kuanzia mwaka 1997 kutoka Afrika Kusini.

Riziki inastahili maneno machache zaidi. Hati za miradi husema kwamba utalii utainua zile njia ambazo watu huishi kwazo. Wengine huandika kipato, lakini kipato ni fedha tu, na mtu wa Mamba Myamba anaishi kwa tangawizi anayoiuza pamoja na ndizi asizoziuza. Wengine huandika kujikimu, neno linalonusa ufukara, kana kwamba mtu anapata cha leo tu. Riziki huhesabu vyote, na ingawa baadhi hulionea haya katika maandishi ya Serikali kwa kuwa lina harufu ya dini, sisi hatuoni sababu. Njia za riziki itafaa. Na ikitumika hivyo, msomaji ataona mara moja jambo ambalo neno kipato hulificha: utalii ni njia moja kati ya nyingi, na mwaka ambao wageni hawaji, kama ulivyokuwa mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, ni tangawizi na migomba iliyowalisha watu.

Limebaki neno kivutio. Katika orodha za utalii kila kitu ni kivutio: maporomoko, mapango, kilele, jiwe. Upare ya Kaskazini yapo mapori madogo ya jadi, mpungi, kichaka cha matambiko cha ukoo, na mshitu, msitu wa jando, neno ambalo kila msomaji ataona ni pacha wa msitu wetu. Miti imesalia humo kwa sababu watu waliogopa kuikata, na wataalamu wa mimea wameyasifu kwa hilo. Mbaga nako liko jiwe la Malameni, ambalo masimulizi ya pale yanalitaja kuwa mahali pa matambiko mazito ya kale. Je, haya ni vivutio? Kivutio huvuta, na mpungi kazi yake ilikuwa ni kuzuia mtu asikaribie. Waongozaji wazuri wa Upare hulijua hilo. Husimama mbali, hueleza, na hawamwingizi mgeni mpaka wazee wameridhia. Katika maandishi tunapendekeza mahali pa jadi, na kivutio liachiwe kile ambacho kinapenda kutazamwa.

Mwisho tuna ombi kwa walimu wa Same na Mwanga. Katika misitu ya Upare ya Kusini yuko ndege mdogo wa jamii ya kinengenenge, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani penginepo duniani, na watazamaji wa ndege huja Chome kutoka mbali kwa ajili yake. Vitabu vinamtaja kwa jina la Kilatini. Watoto wa Chome bila shaka wana jina lao. Tungependa kulipata, pamoja na majina ya Chasu na ya Kigweno ya ndege, miti na wanyama wengine, yaandikwe kwa hati ya kusomeka, kila jina na maelezo ya kiumbe chenyewe, mahali kinapoonekana na kijiji jina lilikotoka, ili yafikiriwe pindi orodha ya istilahi za viumbe itakapotengenezwa.